Usimnunulie mtoto peke yake: jibu kuhusu vitabu vya picha kwa watoto wadogo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Uyole, Mbeya. Nina watoto wawili: wa kiume ana mwaka mmoja na miezi minane, wa kike ana miaka minne na ameanza chekechea. Nimetenga shilingi 30,000 kila baada ya miezi mitatu kwa ajili ya vitabu vyao vya picha. Nikiingia dukani nachanganyikiwa. Vya Kiingereza vinang'aa, vya Kiswahili naona vingi ni vya a, e, i, o, u. Mchana wanashinda na bibi yao, mama mzazi wa mume wangu, Mnyakyusa wa Tukuyu, ambaye kusoma kwake ni kwa taabu. Mimi nawapata jioni tu. Nichague vipi vitabu vipya ambavyo havitaishia kuchanwa? Mama wa wawili, Uyole.

JIBU: Marahaba, mama. Swali lako nimelisoma mara mbili, na kilichonishika si bei wala lugha, ni bibi. Wazazi wengi wanaoniuliza habari za vitabu hunitajia umri wa mtoto tu. Wewe umenitajia na atakayempakata, na hapo umenirahisishia kazi, kwa sababu kitabu cha picha kina wasomaji wawili kwa wakati mmoja: mdogo anayetazama na mkubwa anayesema. Kikimfaa mmoja na kumshinda mwingine, kitalala kabatini. Ndiyo maana nasema usimnunulie mtoto peke yake.

Nianze na huyu wa miezi ishirini, kwa sababu najua ndiye mchanaji.

Mwaka 1998 watafiti wakiongozwa na Judy DeLoache wa Marekani walichapisha utafiti juu ya watoto wa miezi tisa waliowekewa mbele yao vitabu vyenye picha za vitu vya kawaida. Watoto wale walizipapasa picha, wakazikwaruza, wengine wakajaribu kukitoa kitu kwenye karatasi wakishike. Hawakuwa watoto wa Marekani tu. Walikuwamo pia watoto wa Kibeng wa Ivory Coast, ambao kwao vitabu vya picha havikuwa vitu vya kila siku, nao walifanya yaleyale. Mtoto anapovuka mwaka mmoja na nusu, kule kukwaruza kunapungua na kidole kinaanza kuonyesha. Wako yuko hapohapo kwenye kivuko. Mkono bado unauliza kama kuku wa kwenye karatasi anashikika.

Niliwahi kukaa na mmoja wa rika hilo, mdogo wake mwanafunzi wangu, aliyeletwa mgongoni na mama yake asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba, sweta limemfika magotini. Nikamfungulia ukurasa wenye kuku na vifaranga. Akaweka kiganja chote juu ya kuku. Akakiondoa, akakigeuza, akakitazama kama anatafuta manyoya. Kisha akaninyanyulia macho. Nikasema, "Kuku." Akasema, "Ku." Akarudisha kiganja palepale. Hatukwenda ukurasa wa pili mpaka uji ulipoiva, na sikuona haja ya kwenda.

Kwa hiyo kitabu cha huyu mdogo kiwe cha kurasa ngumu, za boksi, zenye kona za mviringo. Ukurasa mmoja uwe na kitu kimoja au viwili, tena kitu kifanane na chenyewe: kikombe kiwe kikombe, si kikombe chenye macho na miguu kinachokimbia. Vikombe vya kukimbia vitamchekesha dada yake, ila yeye bado anajifunza kwamba kile cha kitabuni na kile cha jikoni ni kitu kilekile. Kurasa chache zinamtosha kabisa. Vile vya kufunua vidirisha na kuvuta vikaratasi viache kwanza, mama. Mtoto wa umri huu anashughulika na kidirisha na kumsahau aliyemo ndani, na kesho yake kidirisha hakipo.

Kabla hujalipa, kipime kwa mikono. Kifungue katikati, ukilaze, ukibonyeze kidogo mgongoni. Gundi mbaya hulia palepale, na kurasa huanza kuachana. Kama muuzaji ataridhia, lowesha kidole upitishe pembeni mwa picha. Rangi ikihamia kidoleni, kesho itahamia mdomoni mwa mtoto. Halafu angalia kimeshikizwa kwa nini. Hili la pini nalisema kwa uchungu. Mwaka mmoja nililinunulia darasa langu vitabu ishirini vyembamba vya kubanwa kwa pini, mwezi wa kumi na mbili, mvua zikiwa ndiyo zimekolea. Unajua nyumba za huku zinavyoshika unyevu masika. Ilipofika mwezi wa tatu pini zilikuwa na kutu, zimeila karatasi, kurasa za katikati zinadondoka zenyewe, na pini mbili nilizikuta sakafuni kwenye mkeka wanapokaa watoto. Muuzaji alinijibu kwamba vilitoka dukani vikiwa vizima. Kweli vilitoka vizima. Kwa binti wa miaka minne kitabu cha pini hakina neno ukikitunza pakavu, juu, mbali na sakafu. Kwa wa miezi ishirini, hapana.

Na atakachochana, kakiunge kwa selotepu, kwa nyuma, yeye akiona. Usimpige kwa ajili ya kitabu. Mtoto aliyepigwa kwa ajili ya kitabu hukiogopa kitabu, na kumrudisha ni kazi ya miezi.

Sasa twende kwa binti. Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa na utamu, kwa sababu mtoto wa miaka minne anaweza kushika hadithi yenye mwanzo na mwisho, na macho yake yanaona kuliko ya kwetu.

Darasani nilikuwa na kitabu chenye picha ya familia iko mezani inakula. Nilikuwa nimekisoma mara nyingi, pengine kumi. Siku moja binti mmoja wa miaka minne akanikatiza: "Mwalimu, mbwa anaiba." Nikamuuliza, mbwa gani? Akaja mbele, akaweka kidole chini ya meza, nyuma ya mguu wa baba. Mkia, nusu ya kichwa, na kipande cha nyama mdomoni. Maneno ya kitabu hayakumtaja mbwa hata mara moja. Mchoraji alimwacha pale amsubiri mtoto atakayemwona. Kuanzia hapo darasa zima likawa linamfuata mbwa: ukurasa unaofuata yuko mlangoni, unaofuata yuko chini ya mgomba, na ukurasa wa mwisho kanenepa. Palikuwa na hadithi ya pili ndani ya kitabu nilichodhani nakijua, na waliokuwa hawajui hata herufi moja ndio walioisoma.

Hicho ndicho kipimo changu kikubwa, na ningependa ukiondoka na kimoja tu uondoke na hiki. Dukani, funika maneno kwa kiganja. Tazama picha peke yake. Je, kuna kitu cha kusema? Je, picha inakuambia jambo ambalo maneno hayakusema: nani ameudhika, nani amejificha, mvua inakaribia? Kama maneno yanasema "Asha ana mpira" na picha inaonyesha Asha ana mpira, hakuna kingine, mazungumzo yameisha kabla hayajaanza. Kama Asha ana mpira na nyuma yake kaka yake kakunja uso, binti yako atauliza kwa nini, na hapo kitabu kimeanza kufanya kazi uliyokinunulia.

Usiende kupita kiasi, lakini, ukanunua picha zilizojaa kama soko la Mwanjelwa siku ya sikukuu. Zoe Flack na Jessica Horst wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha mwaka 2018 utafiti ulioonyesha kwamba watoto wa miaka mitatu na ushei walijifunza maneno mapya vizuri zaidi walipoonyeshwa picha moja kwa wakati kuliko mbili zilizotazamana. Mtoto hajui jicho aliweke wapi neno linapotajwa. Dawa yake ni nyepesi: kidole chako, au kukunja upande mmoja kwa nyuma.

Horst huyohuyo, na wenzake, mwaka 2011 waliwasomea watoto wa miaka mitatu hadithi kwa namna mbili. Kundi moja lilisikia hadithi tofautitofauti zenye maneno mapya yaleyale, kundi jingine lilisikia hadithi ileile ikirudiwa. Waliorudiwa ndio walioshika maneno zaidi. Kwako wewe mwenye bajeti ya elfu thelathini hii ni habari njema. Hata kama fedha hiyo itakutosha vitabu viwili tu, viwili vinavyosomwa kila siku kwa miezi mitatu ni mali kuliko kumi vya kupitia mara moja. Ila tayari unaona sharti linalofuata: kitabu utakachokisoma mara sitini kisikuchoshe wewe.

Kwa hiyo kisome kwa sauti palepale dukani, ukurasa mmoja wa katikati. Usione haya, muuzaji atazoea. Kiswahili cha vitabu vya watoto kina maradhi mawili. La kwanza ni tafsiri iliyokaza shingo. Utakutana na "Paka alikuwa na furaha sana kuhusu maziwa yake." Hakuna bibi wala mama anayesema hivyo. Mtu aliyelelewa na hadithi angesema, "Paka akayaona maziwa. Mkia wima!" Ulimi wako ukijikwaa dukani, jioni ukiwa umechoka utajikwaa zaidi. La pili ni upatanisho mbovu, "kikombe yangu", "vitabu hii". Watu wazima tunasema hivyo mtaani na maisha yanaendelea, lakini kitabu kinarudiwa mara sitini, na mtoto wa miaka minne ndiyo kwanza anaipanga lugha kichwani. Kosa la kitabuni halina wa kulisahihisha. Nikikuta mawili kwenye ukurasa mmoja, narudisha rafuni.

Penda vitabu vyenye milio. Chubwi, kokoriko, pu, tiririri. Mwalimu wa lugha atakuambia hizo ni tanakali za sauti. Mtoto anazijua kama sehemu yake ya kusoma. Wako wa miezi ishirini atashika "pu!" kabla ya neno lolote la sentensi ile, na dada yake atamwachia nafasi aitamke. Hivyo ndivyo kitabu kimoja kinavyoweza kuwatosha wawili wasiolingana umri. Tafuta pia maneno yanayojirudia kila ukurasa, kama kibwagizo.

Sasa bibi.

Naomba usimwone kama tatizo la kuzungukwa. Katika nyumba yako huyo ndiye mwenye saa nyingi za mchana na mwenye hadithi nyingi. Ukimpa kitabu chenye mistari kumi kila ukurasa umemwaibisha mbele ya wajukuu, na hatakifungua. Mpe kitabu kisicho na maneno kabisa, au chenye mstari mmoja. Vipo, japo dukani watu huviacha wakidhani vina upungufu. Mtu asiyesoma vizuri anakisimulia sawasawa na profesa, pengine kumzidi. Sungura na fisi wakitokea ukurasani, bibi wa Tukuyu hahitaji kuambiwa wanafanya nini.

Na asimulie kwa Kinyakyusa, tafadhali. Jioni wewe utasimulia picha zilezile kwa Kiswahili. Watoto watakuwa na kuku mmoja mwenye majina mawili, na hilo haliwachanganyi, linawapa mali mara mbili. Nimeona wajukuu wa Kisafwa, Kihehe na Kibena wakiingia awali wakiwa na Kiswahili safi kabisa juu ya lugha ya bibi. Niliowaona wakihangaika ni wale ambao nyumbani waliambiwa wasiongeleshwe lugha ya mkubwa aliyekuwa nao, yule mkubwa akaamua kunyamaza.

Mfundishe bibi jambo moja tu, au mkumbushe, maana hadithi za zamani zilikuwa nalo: amwache mtoto aseme. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake, Marekani, walionyesha kwamba wazazi wa watoto wa miaka kama miwili waliofundishwa kuuliza maswali ya wazi wakati wa kusoma, na kuyarefusha majibu ya mtoto, walileta tofauti kubwa katika lugha ya watoto wao ndani ya mwezi mmoja. Mtoto akisema "ng'ombe", mkubwa anasema, "Ndiyo, ng'ombe anakunywa maji. Maji ya wapi?" Basi. Kitabu chenye picha za kusemwa kinamsukuma bibi kufanya hivyo hata bila kuambiwa.

Tazama pia herufi zilipokaa. Wachoraji siku hizi hupenda kumwaga maneno juu ya picha, meupe juu ya anga la jioni. Kwa macho ya mtu mzima, umeme ukiwa umekatika, hayo hayasomeki. Herufi nyeusi, kubwa, juu ya nyeupe.

Umeuliza kwa kupita kuhusu Kiingereza. Kununua vya Kiingereza kwa sababu vinang'aa si kosa kama picha ni nzuri, na unaweza kuvisimulia kwa Kiswahili. Kununua vya Kiingereza ili mtoto wa miaka minne aanze mapema, huku msomaji wa nyumbani hakisemi kwa raha, ni kumnyima mazungumzo. Vile vya herufi visikusumbue: kimoja kwa binti kinatosha, na kiwe kimetungwa kwa Kiswahili. Ukikuta kinafundisha Q na X, ujue kimehamishwa tu, maana Kiswahili hakizitumii.

Jambo jingine ni watoto wajione. Vitabu vyetu vingi vinatungwa Dar es Salaam, na picha zake zina minazi, jua na watoto wa vesti. Vizuri, binti ajue kuna minazi. Lakini atafute na ukungu, sweta, jiko la mkaa ndani kwa ajili ya baridi, gunia la viazi, mparachichi, mtu kajitanda kitenge asubuhi. Katika vitabu viwili, kimoja kimpeleke mbali na kimoja kimrudishe Uyole. Ukikosa cha huku, tafuta walau chenye mvua, bibi atakimalizia.

Sipendi, na nalisema wazi, vitabu ambavyo kila mtoto mkaidi lazima apigwe au aliwe mwishoni, kisha ukurasa wa mwisho unatangaza funzo. Zimwi kwa mtoto wa miaka minne halina ubaya, mradi mtoto wa hadithini arudi nyumbani akiwa salama. Kwa mdogo bado. Na yale maswali ya zoezi nyuma ya vitabu vingi vya hapa, yaruke. Yamewekwa kwa ajili ya shule.

Kuhusu mahali pa kuvipata. Kabla ya kununua, azima. Maktaba ya mkoa ipo Mbeya mjini, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na Iringa pia ipo. Kaa na watoto kwenye vitabu vya watoto asubuhi moja uone wanarudia kipi. Hicho ndicho cha kutafuta dukani. Dukani soma ukurasa wa mchapishaji: kitabu kilicho kipya rafuni kinaweza kuwa chapa ya nne ya cha zamani, jambo lisilo baya, ila ujue unachonunua. Rangi zilizofifia na maandishi yaliyopinda ni dalili ya kilichodurufiwa. Tuna wachapishaji wetu wanaojali picha, kama Mkuki na Nyota, nyumba iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, na E&D Vision; uliza kwa majina.

Simu yako nayo ni duka. African Storybook, iliyoanza 2014 Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India, iliyoanza 2015, zina hadithi za picha za Kiswahili za bure, zimepangwa kwa hatua, na unaruhusiwa kuchapa. Tafsiri nyingine zimefanywa na watu wa kujitolea, kwa hiyo kipimo cha kusoma kwa sauti kinabaki palepale. Chagua moja, ipeleke steshenari waitoe kwa rangi, waiwekee plastiki kila ukurasa na kuibana kwa waya wa mviringo. Kwa mchanaji wako hiyo ni karibu sawa na kurasa za boksi. Usimpe simu yenyewe. Picha ya simu inaondoka kabla kiganja hakijafika.

Elfu thelathini ya kwanza, basi, ingekuwa yangu ningeigawa hivi: kimoja cha kurasa ngumu cha mdogo, kimoja kisicho na maneno au chenye mstari mmoja kwa ajili ya bibi na wote wawili, na ikibaki, kuchapa hadithi moja ya milio. Cha binti chenye hadithi ndefu ningekiazima maktaba mpaka awamu ya pili.

Jumamosi mkishuka Mwanjelwa, mchukue bibi. Wewe pitia rafu, pima mgongo, funika maneno, soma kwa sauti, ubaki na vitatu. Kisha mkalishe mahali penye mwanga, mpe vyote vitatu na mjukuu mapajani, ukae kimya usikilize ni kipi kinamfanya aanze kusema. Miwani yake isisahaulike nyumbani.